Meli Hatukwami na Mtama wa Upeoni

Nchi ninayotaka kuwasimulia msiitafute kwenye ramani, maana hata sisi tuliozaliwa huko tuliitafuta tukaikosa. Ramani ilikuwa imefungiwa ofisini kwa usalama wake. Inaitwa Tifutifu. Ni jangwa tupu, isipokuwa mto mmoja unaopita katikati, na mto wenyewe si wa kuuamini. Mkiona inafanana na nchi fulani mnayoijua, hiyo ni shida ya macho yenu, mimi simo. Mimi ni mpiga tarumbeta tu. Jina langu Makame, na nilikuwa katika Bendi ya Taifa tangu nilipoota ndevu.

Mto wetu wazee waliuita Hamahama. Jioni unaoga ukingoni, asubuhi unatoka na ndoo yako unakuta mchanga mkavu na vyura wanatazamana, mto umehamia ng'ambo ya kilima. Kina chake ni cha magoti, pengine cha kiuno ukiwa mfupi. Serikali haikulipenda jina hilo. Mlezi Mkuu, Baba wa Taifa na Mlinzi wa Kila Tone (ndivyo alivyotakiwa kutajwa, kwa pumzi moja), akatoa tamko kwamba kuanzia siku hiyo mto unaitwa Mto Imara, na njia yake halali ni ile iliyochorwa kwa wino wa bluu katika ramani aliyoitia sahihi. Tukapiga makofi. Mto haukuwepo mkutanoni, kwa hiyo sijui kama ulipata habari.

Mto ukishakuwa imara unahitaji meli, na meli ikaletwa. Ilinunuliwa ng'ambo, ikaja vipande vipande migongoni mwa ngamia, ikaungwa kwa misumari pale mji mkuu. Ilikuwa na tumbo bapa kama sinia, bomba refu la moshi, na nyuma gurudumu kubwa la mbao la kupiga maji. Ikaandikwa ubavuni kwa rangi nyekundu: HATUKWAMI. Kisha ikapitishwa Sheria ya Kuilinda Meli dhidi ya Ushindani, na ngamia wale wale walioibeba wakastaafishwa kwa manufaa ya umma. Kila ngamia alipewa cheti. Wengi walikula vyeti vyao siku hiyo hiyo, jambo lililowasikitisha sana wakubwa.

Sasa mniwie radhi, hapa nazungumza kama ndugu wa mtu. Juu kabisa ya mto kuna mji unaitwa Upeoni. Dada yangu Chausiku, aliyenilea baada ya mama kufariki, ameolewa huko na ana watoto. Upeoni hulimwa kidogo mto ukijisikia kupita. Chakula kingine chote kilikuwa kikienda na ngamia. Ngamia walipopata cheti, mtama ukakoma kwenda. Tukangoja meli. Siku moja akaja mchuuzi wa chumvi kwa miguu, midomo imempasuka kwa jua, akanikuta kambini kwa bendi.

"Wewe ndiye Makame wa tarumbeta? Dada yako anakusalimu. Anasema wameanza kula mbegu ya kupandia. Anauliza hiyo meli inakuja, au inasifiwa tu?"

Nilimpa maji.

*

Siku ya uzinduzi tulipangwa bendi nzima juu ya sitaha, vifungo vinang'aa. Mlezi Mkuu alikaa kwenye jukwaa lililojengwa ukingoni, chini ya mwavuli. Nahodha wetu aliitwa Ngwali, mtu wa maneno machache, aliyekuwa akisimama mbele na upondo mkononi, anauchomeka majini, anatazama umelowa hadi wapi, kisha anaguna. Meli ikapiga king'ora, gurudumu likazunguka, moshi ukatoka mweusi wa kupendeza. Tukaenda kama urefu wa uwanja wa mpira. Halafu, mbele ya jukwaa kabisa, tumbo likagusa mchanga, krrrh, meli ikatulia.

Kukawa kimya, ule ukimya ambao watu huutumia kufikiria familia zao. Kiongozi wetu wa bendi, maskini, woga ulimshika akanyanyua fimbo yake, na sisi kwa mazoea tukapiga kitu cha kwanza kilichotujia, yaani wimbo wa taifa. Watu wote wakasimama wima. Mlezi Mkuu naye akasimama, mkono kifuani, machozi yakamlengalenga.

Tulipomaliza akasema kwa sauti ya kutetemeka, "Nimeona nchi nyingi, lakini sijaona meli inayosimama yenyewe kwa heshima."

Basi, ikawa sheria. Kuanzia siku ile, meli ya Tifutifu haikwami. Inasimama kwa heshima, na kila inaposimama bendi ipige wimbo wa taifa. Wimbo ukipigwa, kila aliyefundishwa wimbo huo sharti asimame kama mlingoti, macho kwenye bendera, asiteteme. Kuangalia pembeni ni uhaini mdogo, kutembea ni uhaini mkubwa. Sisi wa bendi tu tuliruhusiwa kuzungusha macho, kwa kuwa lazima tumwone kiongozi. Na wanasheria, ambao hawapendi kuacha jambo likiwa nusu, wakaongeza kifungu kwamba wakati wa wimbo wa taifa hakuna kinachotendeka nchini. Mama mmoja alijifungua wakati wa ubeti wa tatu, na mtoto akaandikwa kuzaliwa baada ya ubeti wa mwisho.

Beti nazo si chache. Kila mkoa una ubeti wake, na Mlezi Mkuu ana tabia ya kutoa mkoa kama zawadi ya harusi.

*

Tulipoondoka kwenda Upeoni, meli ilikuwa imejaa magunia ya mtama hadi kwenye ngazi, na nilifurahi, kusema kweli niliyapapasa magunia kama mtu anayepapasa farasi wake. Pamoja na mtama tulibeba askari, picha ya Mlezi Mkuu ndani ya fremu, na Kamishna wa Heshima, Mheshimiwa Sefu Mafunda. Huyu alikuwa mwembamba wa mwili na mnene wa sauti. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha watu wa Upeoni wimbo wa taifa, maana ulikuwa haujawafikia bado. Nao wangepewa mtama kwa utaratibu: anayeweza kuimba beti zote, gunia, asiyeweza, aende akajifunze.

"Mheshimiwa," nikamuuliza kwa adabu, "na mwenye njaa ya kushindwa kuimba?"

"Huyo atahamasishwa," akasema.

Nahodha Ngwali alikuwa anajua namna ya kuivusha meli kwenye mchanga. Ukigusa fungu la mchanga, unafanya haraka: wanaume wanaruka majini, wanabeba nanga wanaizika mbele, kamba inavutwa kwa mashine, meli inajikokota. Au unaigeuza meli, gurudumu linachimba mchanga kama kuku anavyopekua, unapata mfereji. Lakini haraka, kabla mchanga haujashika na kabla mto haujabadili mawazo. Sasa wewe mwenye akili zako niambie, utafanyaje haraka wakati umesimama wima unatazama bendera?

Tuligusa fungu la kwanza kabla mji mkuu haujapotea machoni. Tukapiga. Nahodha akasimama, upondo mkononi, namwona kabisa anasikia maji yanaondoka chini ya miguu yake, mshipa wa shingo umemtoka. Tulipomaliza beti zote, maji yalikuwa yameshasogea, na ilibidi wanaume wachimbe mpaka jua likazama. Kesho yake tukagusa tena, na kesho yake. Kuni za boila nazo zilikuwa zimepangwa tayari kando ya ule mto wa wino wa bluu, kwa hiyo zilikuwa mbali jangwani, zikihitaji ngamia.

Nahodha alimfuata Kamishna akiwa amevua kofia.

"Mheshimiwa, naomba tukigusa mchanga, tuvuke kwanza, halafu tupige wimbo tukiwa tunatembea."

"Kwa hiyo unakiri kwamba tunakwama."

"Sijasema tunakwama."

"Basi huna tatizo, nahodha. Vaa kofia yako."

Bendi ndiyo ilikuwa ya kwanza kuisha. Ngozi ya ngoma kubwa ilipasuka kwa jua. Mpiga zumari alizimia kwenye ubeti wa mkoa wa shemeji yake Mlezi Mkuu. Wa matoazi alipata homa, kiongozi wa bendi akapoteza sauti, kisha akili kidogo, wakashushwa mmoja mmoja kwenye vijiji vya njiani. Mwisho nikabaki mimi na tarumbeta yangu. Kila nikiiweka mdomoni namwaza Chausiku, nasema moyoni, jamani dada, mimi ndiye ninayekucheleweshea chakula. Ilikuwa inaniuma sana.

*

Upeoni tuliuona mchana, nyumba za udongo juu ya mwinuko, na watu wamesimama juu ya mapaa. Tukaona pia gati. Lilikuwa gati zuri la mawe, lina utepe wa kukatwa na bango la KARIBUNI. Lilijengwa pale pale ramani iliposema mto upo, kwa hiyo lilikuwa juu ya kilima cha mchanga, kavu kabisa, mjusi mmoja amelala kwenye ngazi yake. Mto ulikuwa chini huku, upande wa pili wa mji. Nahodha akatufikisha karibu kiasi kwamba tulikuwa tunasikia watu wanakohoa. Hapo tumbo likagusa.

Nikapiga beti zote. Nilipoishusha tarumbeta, maji yalikuwa yamekwenda zake, na Hatukwami imekaa juu ya mchanga mweupe kama kuku aliyeatamia.

"Tushushe mtama," akasema Nahodha. "Ubao uwekwe, watu waje wachukue. Ni hatua kidogo tu."

Kamishna akamtazama kama aliyetukanwa. "Kushusha mzigo nje ya gati ni magendo. Meli haijafika."

"Itafika lini?"

"Mto utakaporudi katika njia yake halali. Niachieni mimi."

Akavaa koti la sherehe, akashuka hadi ukingo wa maji, askari wakiwa nyuma yake, akausomea mto waraka kwa ile sauti yake nene. "Wewe Mto Imara, uliyekuwa ukijulikana kama Hamahama, umeonekana ukizurura nje ya mipaka uliyopangiwa. Unatakiwa kurejea mara moja, na kueleza kwa nini usichukuliwe hatua." Akangoja. Mto ukapita taratibu na kijiti juu yake. Kesho yake tuliamka tukaukuta umesogea mbali zaidi, na Kamishna akasema hiyo ni dalili ya hofu.

Watu wa Upeoni wakaanza kushuka. Hawakuja kwa fujo. Nguvu ya fujo hawakuwa nayo. Walikuja na vikapu wakakaa mchangani kuizunguka meli, wakitazama magunia. Nikamtafuta Chausiku kwa macho nikamkosa, kumbe nilikuwa nimeshamtazama mara mbili nikampita. Dada yangu alikuwa mwanamke wa mwili. Aliyekuwa mbele yangu alikuwa kanga imetundikwa juu ya mifupa, mtoto mgongoni, mwingine amemshika mkono. Nilitaka kulia, nikakumbuka nimevaa sare.

"Makame," akaniita kutoka chini. "Umekonda, mdogo wangu. Hamli huko?"

Ananiambia mimi nimekonda.

"Dada, vumilia kidogo. Kuna utaratibu."

"Nimeshakula mbegu yote, Makame. Utaratibu naula na nini?"

*

Kamishna akaona hadhira imetimia, akaamua somo lianze. Picha ya Mlezi Mkuu ikatundikwa kwenye bomba la moshi. Bendera ikapandishwa nyuma, juu ya gurudumu. Ubao wa kupandia ukateremshwa ili yeye mwenyewe ashuke kwa heshima akifundisha.

"Wananchi!" akasema. "Mnahitaji chakula, lakini chakula bila heshima ni nini? Ni kushiba tu. Leo mtajifunza ubeti wa kwanza. Nyinyi hamjafundishwa bado, na kwa mujibu wa sheria asiyefundishwa hahesabiwi kuwa ameusikia. Kwa hiyo leo msiogope, sikilizeni tu. Mpiga tarumbeta, wapigie."

Nikapiga. Kamishna akageuka kuelekea bendera, mkono kifuani, akakauka. Askari wote wakageuka, kisigino kwa kisigino, bunduki kando, macho juu. Nahodha naye akasimama. Mimi nikabaki na macho yangu huru, nikatazama chini kwa dada yangu.

Watu wa Upeoni walikaa kama walivyokuwa. Kwao ulikuwa muziki tu, na si mzuri sana. Bibi mmoja alikuwa anajikuna. Kisha Chausiku akamtazama askari wa kwanza, akamtazama wa pili, akamtazama Kamishna, akaona wote wamewapa kisogo. Akainuka. Akapanda ule ubao polepole, mtoto mgongoni, akapita nyuma ya Kamishna karibu sana kiasi kwamba kanga ilimgusa koti, akainamia gunia. Hakuweza kuliinua. Akamtazama jirani yake aliyekuwa chini, naye akapanda, wakalinyanyua wawili, wakashuka nalo. Kamishna hakutetema. Alikuwa mzalendo kweli yule bwana.

Ubeti wa kwanza ukafika mwisho. Niliamriwa ubeti mmoja, na mkono wangu ukaanza kushusha tarumbeta kama ulivyozoea. Ndipo nikawaona wengine wanainuka mchangani na vikapu vyao, na mguu mmoja wa Nahodha Ngwali, mwili wake ukiwa umesimama wima kabisa, ukausukuma ubao wa pili uliokuwa sitahani ukateleza hadi chini. Nikavuta pumzi, nikaingia ubeti wa pili.

Hakuna sheria inayokataza uzalendo kuzidi. Nikapiga mkoa wa mashariki, nikapiga wa magharibi, nikapiga mikoa ya harusi yote. Watu walikuwa wanapanda ubao huu wanashuka ule, bila kelele, kama siafu waliopata sukari. Jua likapanda utosini. Jasho lilimtiririka Kamishna hadi kwenye kola, na sikio lake lilikuwa linacheza. Najua alisikia magunia yanaburutwa, kwani alikuwa kiziwi? Lakini angegeuka, angekuwa mhaini mbele ya askari wake, na askari wangegeuka, wangekuwa wahaini mbele yake. Nilipomaliza beti zote nikaanza upya. Midomo ikapasuka, damu ikaingia ndani ya tarumbeta, sauti ikawa ya bata. Bado kulikuwa na magunia chini, ya kutolewa kwenye ngazi. Nikawaza, Makame, wewe hujawahi kumfanyia mtu jambo na hicho kidude zaidi ya kumsimamisha. Leo wasimamishe vizuri.

Gunia la mwisho lilibebwa na Chausiku na wenzake watatu. Alipopita mbele yangu akanitazama mdomo, akasikitika, akatikisa kichwa. Nikangoja wafike kwenye nyumba za kwanza. Halafu nikashusha tarumbeta nikakaa chini.

*

Kamishna akageuka. Meli ilikuwa nyeupe sakafu yote. Palikuwa na punje chache, na shomoro mmoja anazishughulikia.

Akauliza kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "Kuna mtu ameona kitu?"

"Nilikuwa natazama bendera, mheshimiwa," akasema askari wa kwanza.

"Bendera, mheshimiwa," akasema wa pili, na wote hadi wa mwisho.

"Nahodha?"

"Mimi hata kupepesa sikupepesa."

Kamishna akahesabu kwa vidole. Kabla ya wimbo magunia yalikuwepo, kila mtu aliyaona. Wakati wa wimbo hakuna kinachotendeka nchini, sheria imesema. Baada ya wimbo hakuna aliyepanda. Kwa hiyo magunia yapo. Akaamuru mlango wa ngazi ya kwenda chini ufungwe, upigwe lakiri, na askari waachwe kuulinda mtama huo wa taifa mpaka mto utakaporudi kwenye gati. Kisha akarudi mji mkuu kwa miguu kutoa taarifa kwamba meli haijawahi kukwama. Mimi nilibaki Upeoni, nikatumiwa nishani, kwa kupiga wimbo wa taifa kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote katika historia ya nchi. Nimeitundika kwa Chausiku jikoni, juu ya pipa la mtama.

Tarumbeta siwezi tena. Midomo ilipona vibaya. Siku za mwanzo dada alikuwa ananinywesha uji wa mtama kwa kijiko, kama alivyonilisha zamani.

"Ule wimbo," akaniuliza siku moja, "maneno yake yanasemaje?"

Nimeupiga maisha yangu yote, na muda wote huo mdomo wangu ulikuwa na kazi.

"Sijui, dada. Sijawahi kuuimba."

Meli ipo mpaka leo, mchangani, na askari wanailinda kwa zamu. Kutoka mji mkuu hawaletewi chakula, kwa sababu huko inajulikana kuwa wamekalia mtama. Lakiri hawaruhusiwi kuivunja. Basi kila mchana huja mmoja mlangoni kwa Chausiku na bakuli za wenzake, anabisha hodi, anaangalia chini. Chausiku huwajazia zote, uji mzito. Hawajawahi kumuuliza mtama umetoka wapi, maana wao ndio wanaoulinda.